Mzee anataka kugawa kihamba "kama wafalme wa Ufaransa"

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mtoto wa nne kati ya sita, kwetu ni Kilimanjaro. Baba ana miaka 81. Ana kihamba cha migomba na kahawa hapo nyumbani, na shamba la mahindi kule chini tambarare. Tangu aangalie kipindi cha runinga kuhusu wafalme wa Ufaransa amekuja na mpango mpya: kila kitu kiandikwe jina la kaka mkubwa, sisi wengine tupewe 'mafungu ya kula', na atakayefariki bila mtoto wa kiume fungu lake lirudi kwa kaka. Anasema ndivyo falme zilivyodumu. Mimi ni mwanamke, nina mabinti wawili. Nimejaribu kusoma nikazidi kuchanganyikiwa: pengine wanaandika kwamba Ulaya kifungua mimba alichukua vyote, pengine wanasema mdogo wa mfalme alikuwa na mkoa mzima, mahakama yake na askari wake. Ipi ni kweli? Wadogo waliishi kwa nini? Na mwenye fungu alipokufa, mabinti zake walikwenda wapi?"

Dada, pole kwa vikao vinavyokuja, na hongera kwa kuwa na mzee wa miaka 81 ambaye bado anakaa mbele ya runinga kufuatilia historia. Nahisi tu kwamba sehemu ya katikati ya kipindi kile ilimpita, labda ni usingizi, labda umeme ulikatika. Bahati mbaya hiyo ndiyo sehemu inayokuhusu wewe.

Naona maswali mawili yamejifunika shuka moja. La kwanza ni la historia, na umeliuliza vizuri. La pili hukuliandika lakini liko katika kila mstari: siku mzee akiondoka, utabaki mtu wa pale nyumbani au utakuwa mgeni wa kaka? Mimi ni mtu wa historia, si wakili. La kwanza nitalijibu kwa kirefu. La pili nitalisogelea hadi pale ujuzi wangu unapoishia, halafu nikuelekeze kwa wenye kazi yao.

Zote mbili ulizosoma ni kweli. Kifungua mimba alichukua kiti, wadogo wakapewa chakula. Na chakula cha mtoto wa mfalme kiliweza kuwa mkoa mzima. Ila haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wafaranki, ambao ufalme wa Ufaransa ulichipuka kutoka kwao, waligawa nchi kama watu wanavyogawa shamba, kila mtoto wa kiume na kipande chake. Clovis alipofariki mwaka 511, wanawe wanne waligawana ufalme. Mwaka 843, kwa mkataba wa Verdun, wajukuu watatu wa Charlemagne waliigawa himaya ya babu yao vipande vitatu, na hiyo ni baada ya kupigana wao kwa wao. Ukoo uliokuja baadaye, ule wa Hugues Capet aliyetawazwa mwaka 987, ulibadilisha mambo kimyakimya. Mwanzoni wala hawakuwa na kikubwa cha kugawa, maana ardhi waliyoishika wenyewe ilikuwa kipande tu cha kuzunguka Paris na Orléans. Wakajizoeza kumtawaza mtoto mkubwa wakati baba bado yu hai, ili siku ya msiba pasiwe na mjadala. Kiti kikawa kimoja, kikawa cha mkubwa.

Sasa wadogo? Nao ni damu ya mfalme. Wana farasi, wana watumishi, wana marafiki wenye panga. Ukimwacha mtu kama huyo na njaa, umemtengeneza muasi. Wapo waliotatua jambo hili kwa ukatili: Mehmed III wa dola ya Osmani alipopanda kitini mwaka 1595, ndugu zake 19 walinyongwa. Ufaransa walichagua kulisha.

Fungu la kulisha waliliita apanage, nasi tuandike apanaji. Neno limetokana na Kilatini panis, yaani mkate. Kwa hiyo mzee wako hakukosea aliposema "fungu la kula". Kwa neno hilo moja kipindi kilimfundisha vizuri.

Tuutazame wosia mmoja kwa karibu. Juni 1225 Mfalme Louis VIII aliandika namna wanawe watakavyopata. Mkubwa, Louis (ndiye baadaye Louis IX), apate ufalme. Robert apate Artois, kaskazini. Wa tatu apate Anjou na Maine. Wa nne, Alphonse, apate Poitou na Auvergne. Wa tano, na wote watakaozaliwa baada yake, wawe watu wa kanisa. Binti alitengewa fedha taslimu, si ardhi. Mwaka uliofuata mfalme akafariki, na kama ilivyo kwa wosia nyingi, maisha yakaenda yalivyotaka. Yule wa tatu alikufa kijana. Fungu lake likaja kuangukia kwa Charles, kitinda mimba ambaye kwa maandishi ya baba alipaswa kuwa mtu wa kanisa. Badala ya joho la padri akapata Anjou na Maine mwaka 1246, na miaka 20 baadaye akauteka ufalme wa Sicily. Baba alimpangia sala, yeye akatafuta taji.

Robert alipokabidhiwa Artois mwaka 1237 alichokabidhiwa hasa ni vyanzo vya mapato: kodi za wakulima, ushuru wa masoko na madaraja, faini za mahakama, misitu ya kukata mbao, mabwawa ya samaki, na vinu ambavyo watu walilazimika kusagia nafaka zao kwa malipo. Alikuwa na mahakama yake na maofisa wake, ndiyo. Hapo ndipo zilipotoka zile habari ulizosoma za mkoa mzima. Lakini alipiga magoti mbele ya kaka yake akala kiapo cha utii, na aliyeshindwa kesi katika mahakama ya mwana wa mfalme aliweza kukata rufaa kwenye mahakama kuu ya mfalme mjini Paris. Alitawala akiwa chini ya jicho la mkubwa.

Wanafunzi huniuliza kila mwaka: kwa nini wasingelipwa mshahara tu? Kwa sababu mfalme wa karne ya 13 hakuwa na hazina ya kulipa mishahara ya namna hiyo. Utajiri wake ulikuwa umelala ardhini, na mapato ya ardhi ya mbali ni rahisi kuliwa hukohuko kuliko kusafirishwa kwa mikokoteni hadi Paris. Kuna sababu nyingine iliyo muhimu zaidi kwangu. Anjou, Maine na Poitou zilikuwa zimenyang'anywa kutoka kwa mfalme wa Uingereza juzijuzi tu. Sehemu kubwa ya Poitou ilichukuliwa mwaka 1224, mwaka mmoja kabla ya wosia ule. Wenyeji walikuwa bado wanamtazama mfalme wa Paris kama mgeni. Kumweka mdogo wa mfalme pale kulimlisha mdogo, na papo hapo kukawazoesha wenyeji utawala mpya.

Alphonse ndiye mfano mzuri kuliko wote, ingawa filamu hazimpendi kwa sababu hakuwa mtu wa makeke. Muda mwingi aliishi karibu na Paris, akaiendesha Poitou kwa barua, makarani na wakaguzi aliowatuma kusikiliza malalamiko ya watu. Kwa mke wake Jeanne alipata pia nchi ya Toulouse. Mwaka 1271, wakirudi kutoka vita vya msalaba, Alphonse alifariki huko Italia, na mkewe akamfuata siku chache tu baadaye. Hawakuwa na mtoto. Poitou, Auvergne na Toulouse zote zikaenda kwa mfalme, zikiwa na vitabu vya hesabu vilivyonyooka na maofisa waliozoea kazi. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba wafalme "waliigawa nchi kwa wadogo zao", jibu ni kwamba mara nyingi waliikopesha, na ikarudi imetengenezwa.

Hapa sasa ndipo pale mzee aliposinzia. Charles, yule wa Sicily, alikuwa bado hai. Akafungua madai: Alphonse ni kaka yangu wa tumbo moja, amekufa bila mtoto, kwa nini mimi nisirithi? Mahakama kuu ya mfalme ilimkatalia mwaka 1284. Ardhi iliyotolewa kama mkate ikikosa mlaji hairudi kwa ndugu. Inarudi kwenye kiti.

Nakuomba usome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu mpango wa baba yako unavunjikia hapo. Kiti cha mfalme hakikuwa mfuko wa kaka. Kilikuwa kinalipa askari, kinaendesha mahakama, na kesho yake kitatakiwa kulisha wadogo wa kizazi kinachofuata kwa ardhi ileile iliyorudi. Tena mfalme mwenyewe alifungwa. Amri ya Moulins ya Februari 1566 iliandika jambo lililokuwa limekomaa kwa muda mrefu: mali ya ufalme haiuzwi wala haitolewi, hata na mfalme, isipokuwa kwa mambo mawili tu. La kwanza ni apanaji ya wana wadogo, na hiyo irudi mwenye fungu akikosa mrithi wa kiume. La pili ni kuiweka rehani kwa dharura ya vita, na hiyo iweze kukombolewa daima. Yaani mkubwa naye alikuwa mlaji tu, mwenye sahani kubwa zaidi. Mzee amechukua kamba iliyowafunga wadogo, akaiacha ile iliyomfunga mkubwa. Kaka yako akiandikwa jina lake kwenye kila kitu bila sharti lolote, hatakuwa Louis IX. Atakuwa mtu mwenye hati, anayeweza kuuza Jumatatu.

Umeuliza mabinti walikwenda wapi. Mwanzoni jibu lilitegemea mila ya mahali. Artois mila ilimruhusu mwanamke kurithi, na mwaka 1302 mjukuu wa Robert wetu wa juu, mwanamke aitwaye Mahaut, ndiye aliyepewa nchi hiyo, akimpita mtoto wa kiume wa marehemu kaka yake. Yule kijana, naye akiitwa Robert, hakusahau. Alirudi mahakamani tena na tena, akaishia kutumia hati za kughushi, akafukuzwa nchini mwaka 1332 na kukimbilia kwa mfalme wa Uingereza, mahali pabaya kabisa pa Mfaransa mwenye kinyongo kukimbilia miaka ile. Lakini kabla ya hayo Philippe IV alikuwa ameshaamua. Mwaka 1314, mwaka aliokufa, alibadili masharti ya fungu la Poitou alilompa mwanawe, akaandika kwamba lisipokuwa na mrithi wa kiume lirudi. Tangu hapo sharti hilo likazidi kuenea, na mabinti wakatengewa fedha. Hapa watu wetu huchanganyikiwa, kwa hiyo niseme wazi: kwao fedha ilitoka kwa baba wa binti kwenda naye kwenye ndoa, kinyume na mahari yetu. Aliyekosa fungu la ndoa alielekea kwenye nyumba ya watawa. Haya si maisha ambayo ningependa mtu ayachague kuwa mfano kwa wajukuu zake.

Na je, falme zilidumu kwa sababu hiyo? Nusu. Burgundy inasema hapana. Mfalme Jean II alimpa mwanawe mdogo Philippe nchi hiyo mwaka 1363, akiwa bado na furaha ya kumbukumbu ya kijana huyo aliyesimama pembeni yake vitani Poitiers akiwa na miaka 14. Maandishi ya zawadi yalitaja warithi wa mwili wake bila kusema waziwazi kwamba ni wa kiume tu. Kisha Philippe akamwoa mrithi wa Flanders, na mwaka 1384, baba mkwe alipofariki, nchi za mke zikaungana na mkate wa mume. Ndani ya vizazi viwili fungu la kula likawa dola. Mwaka 1407 mtoto wa Philippe alituma watu wakamuua mdogo wa mfalme katika mitaa ya Paris, usiku. Mwaka 1419 naye akauawa. Charles, wa mwisho katika ukoo huo, alianguka vitani Nancy mwaka 1477 akaacha binti mmoja, Marie. Louis XI akaikamata Burgundy akidai haki ya kurudi. Nchi za Flanders, ambazo hazikuwa apanaji hata siku moja, zilimfuata Marie kwenye ndoa yake na Maximilian wa Habsburg, na Ufaransa ikapigana na ukoo huo kwa karne kadhaa. Nimewahi kusikia watu wakisema apanaji ndiyo iliyoleta balaa hilo. Mimi nalaumu zaidi sentensi ile iliyoandikwa kwa haraka, na harusi.

Upande wa pili yuko Robert wa Clermont, mtoto wa kiume wa mwisho wa Louis IX. Alipewa kipande kidogo, Clermont, kaskazini ya Paris. Alioa binti aliyerithi Bourbon. Hakuna aliyemhesabu. Lakini matawi mengine yalipokauka moja baada ya jingine, mwaka 1589 uzao wake ndio uliokalia kiti, kwa jina la Henri IV. Wadogo waliolishwa walikuwa pia akiba ya ukoo.

Mambo yaliishaje? Kwa fedha, kama unavyoweza kukisia. Dola ilipopata hazina ya kweli, ardhi haikuhitajika tena. Ukifika Paris, ingia kwenye bustani ya Palais-Royal: pande tatu kuna nguzo ndefu na maduka chini yake, nyumba za kupanga juu. Hiyo ilikuwa apanaji ya ukoo wa Orléans. Katika miaka ya 1780 mwenye fungu alikuwa anadaiwa, na kwa kuwa hakuwa huru kuiuza kama mali yake binafsi, kwa ridhaa ya mfalme alizungushia bustani yake majengo ya biashara. Watu wa tabaka lake walimcheka kwa kugeuka mwenye maduka. Miaka michache baadaye, mwaka 1790, mapinduzi yalifuta apanaji za ardhi na kuweka posho ya mwaka badala yake. Zikarudishwa kidogo baadaye, zikafa tena. Mwaka 1840 serikali ya Mfalme Louis-Philippe iliomba bunge limtengee mwanawe wa pili faranga 500,000 kwa mwaka. Wabunge wakapiga kura 226 dhidi ya 200, wakakataa, na serikali ikaanguka.

Lakini kwa nini mzee aende mpaka Ufaransa? Unguja kuna mfano wa njia nyingine kabisa. Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini Oktoba 1856, akirudi kutoka Muscat, akiacha watoto wengi wa mama mbalimbali. Binti yake Salme, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 12, ameeleza katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886 kwamba alipata urithi wake papo hapo, shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Kwa sheria ya Kiislamu fungu la binti ni nusu ya lile la kaka yake, na hakuna cha kifungua mimba wala kitinda mimba. Ila lilikuwa lake. Halikuwa na sharti la kurudi kwa kaka yake Majid aliyekalia kiti. Mama yake alipofariki mwaka 1859 akaongezewa mashamba mengine. Msichana wa umri ule, mwenye kuendesha mashamba ya mikarafuu kwa jina lake mwenyewe! Hao binti wa Ufaransa wangemwonea wivu. (Kwamba baadaye alibatizwa, akaolewa na Mjerumani, kisha akarudi mwaka 1885 kudai mafungu ya ndugu zake waliofariki na kutoka karibu mikono mitupu, ni kisa kingine, na chenye machungu.)

Kiti kilikuwa na matatizo yake. Thuwaini, mtoto mwingine wa Sayyid Said, alibaki Muscat, Majid Unguja, na mwaka 1861 Lord Canning, mtawala Mwingereza wa India, aliamua Unguja iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka, kwa kuwa Unguja ilikuwa tajiri zaidi. Huko nako mwishowe ardhi ikageuzwa fedha.

Buganda, kwa mkataba wa mwaka 1900 na Waingereza, wana wa kifalme wanne walipewa maili nane za mraba kila mmoja, wakati Kabaka alitengewa 350; na dada na ndugu wa kike wa Kabaka walitengewa maili 90 kwa pamoja. Kutoka kwenye maili hizo ndipo lilipotoka neno mailo. Ilikuwa ardhi ya kurithisha na kuuza, kwa hiyo ilimegwa na kumegwa.

Sasa turudi kihambani. Nikiutazama mpango wa mzee, si wa Kifaransa, na wala si wa Kichagga. Mila ya Kichagga inavyojulikana, kifungua mimba hupata chake, kitinda mimba hubaki kwenye nyumba na kihamba cha baba kwa kuwa ndiye anayemtunza, na wa kati husaidiwa kuanza kwingine. Mashamba mengi ya tambarare yalianza hivyo. Kwa mila hiyohiyo, kaka mkubwa kuchukua vyote pamoja na nyumba ya mzee ni jambo geni. Hilo ungeweza kumwachia mjomba au mzee mwingine wa ukoo aliseme kwenye kikao. Likitoka kinywani mwako litasikika kama kiburi. Likitoka kwake ni ukumbusho.

Nikupe na upande wa mzee, maana ana hoja. Anaogopa kihamba kigawanywe mara sita, halafu wajukuu wagawe tena, mpaka kila mtu abaki na migomba minne na ugomvi wa mpaka. Hofu hiyo ni ya kweli. Kuweka kihamba kizima ni jambo la busara, na ningemuunga mkono. Lakini kukiweka kizima na kumpa mtu mmoja ni mambo mawili tofauti. Kinaweza kuandikwa kwa majina ya watoto wote, au kikasimamiwa kwa pamoja na kisiruhusiwe kuuzwa bila saini za wote, huku shamba la mahindi, ambalo ni rahisi kupimwa na kugawanywa, likipewa watu kwa majina yao kabisa. Njia hiyo ina kero zake: mkiwa sita, saini sita hazipatikani siku moja, na mmoja akiishi nje ya nchi mtachoka. Bado naiona bora kuliko kula kwa hisani.

Hilo la kurudi kwa kaka mtu akikosa mtoto wa kiume, hapo simamia mabinti zako bila kuona haya. Tanzania tumeshapita huko. Mila za kimirathi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, ila asiiuze. Ni apanaji tupu, ukiitazama vizuri! Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, ilisikiliza kesi ya mama aliyerithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, na ndugu wa ukoo akadai kwamba mwanamke hana haki ya kuuza. Mahakama ilisema haki yake ni sawa na ya mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inazifuta mila zinazomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Haya ndiyo ninayoyajua kwa uhakika. Jinsi yanavyokaa kwenye kihamba chenu hasa, chenye au kisicho na hati, siwezi kukuambia nikiwa mbali, na mtu yeyote atakayekuambia kwa simu tu usimlipe.

Kwa hiyo mpate wakili, au kama fedha ni tatizo, kituo cha msaada wa kisheria kilicho karibu nanyi. Wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Ndiyo kazi yao mojawapo, na wataeleza mashahidi wanaohitajika. Mipaka ya shamba la chini ithibitishwe na serikali ya kijiji wakati mzee bado anaweza kutembea mpaka kwenye masale, ile mimea ya mpakani, na kuonyesha kwa fimbo yake. Kama familia ni Waislamu, hesabu ya mafungu itakuwa nyingine kabisa, na ni shehe mjuzi wa mirathi wa kuulizwa kwanza. Na kama kaka ameshaanza kubadilisha majina kwenye karatasi bila kikao, usisubiri Krismasi mkutane wote. Nenda wiki hii.

Vinginevyo hakuna haraka ya kugombana. Panda naye gari kwenda kwa wakili akiwa na afya, na kaka awepo, asije akasikia mambo kwa watu. Kila mzee akilitaja neno "kurudi", mwombe wakili amwulize palepale kinarudi kwa nani, na huyo naye akifa au akidaiwa benki, kinakwenda wapi. Majibu yaandikwe mbele yake, asomewe kwa sauti, ndipo asaini.